Sista Desa na Sindano ya Asubuhi

Baada ya kaka yangu Radoje kuzikwa, wifi yangu Desanka alianza kupokea simu ya nyumbani kwa kusema, "Wodi ya sukari, karibu." Alisema hivyo kwa padri, kwa fundi wa bomba, na kwangu mimi niliyekuwa napiga kila jioni kumuuliza kama amekula. Nikimwambia, "Wifi, hapo ni nyumbani kwako," alikuwa anajibu, "Ndiyo, najua," kwa sauti ileile ambayo ungetumia kukubali kwamba nje kuna baridi. Nilikuwa nakata simu na hasira juu. Mimi nimelia mpaka koo limekauka, na mke wa marehemu ananikaribisha wodini.

Mimi naitwa Vidosava, Vida kwa wanaonipenda, na nimesuka na kukata nywele za wanawake wa mji huu wa mlimani, hapa kusini-magharibi mwa Serbia, tangu bado tunaitwa nchi nyingine. Mtu akikaa kwenye kiti cha saluni husema yote. Kwa hiyo Desanka nilimjua hata kabla hajaolewa kwetu. Alitoka kijiji cha juu kabisa, kule ambako theluji ikishafunga barabara watu wanaonana tena masika, akashuka kusoma uuguzi akiwa na viatu vya kaka yake. Alipomaliza walimpeleka wodi ya kisukari kwa sababu hakuna aliyeitaka. Haikuwa na sifa. Huko hakuna upasuaji wala mtoto anayezaliwa. Kuna wazee wenye vidonda vya miguu wanaogombania kipande cha mkate. Wenzake walikaa mwaka mmoja wakahama. Yeye alibaki mpaka wodi ikawa yake.

Mama yetu alilazwa pale. Alikuwa anaficha vipande vya sukari kwenye kasha la miwani, na Desanka, msichana mwembamba asiyecheka ovyo, alikuwa anafungua lile kasha kila asubuhi, anakitoa kipande, analifunga, hasemi neno. Mama akanung'unika, "Huyu binti ni polisi." Radoje aliyekuwa anakuja kumwangalia mama akasema polisi huyo anamfaa. Alikuwa dereva wa basi la Belgrade, mtu wa sauti kubwa na mashati yaliyonyooshwa, na ndani ya mwaka mmoja wakawa mume na mke. Watoto hawakupata. Sukari kaka yangu aliipata, kama mama, kama mimi; kwetu inarithiwa pamoja na pua.

Kwa miaka yote hiyo nyumbani kwao ilikuwa hivi: asubuhi Desanka anapima, anaweka chakula mezani, anamdunga, wanakula, kila mtu anakwenda kazini. Radoje hakuwahi kujifunza kujidunga mwenyewe. Nilipomcheka kwamba mwanaume mzima anayeendesha basi kwenye barafu anaogopa kasindano, alinijibu, "Siogopi. Napenda tu anishike mkono kabla ya kahawa." Kaka yangu alikuwa hivyo, na mimi sikupata mume wa namna hiyo, lakini tuyaache.

Alipostaafu akawa mtu wa kanisa. Si wa kujionyesha. Kwaresima alifunga kimyakimya, na ukimuuliza alikuwa anabadilisha mazungumzo. Sasa ile Kwaresima ya mwisho alikuwa amelazwa hospitali, wodi ya upasuaji, chini ya wodi ya mke wake, kwa ajili ya kidonda cha kidole cha mguu kilichogoma kupona. Jumamosi ya wiki ya kwanza, ambayo kwetu karibu kila mtu hupokea komunyo, padri huwa anakuja hospitali kuwapa wagonjwa. Na kabla ya komunyo mtu hagusi chakula wala maji. Usiku ule theluji ikashuka nzito, padri akachelewa. Asubuhi muuguzi alikuwa amempima Radoje, akampitia na kalamu ya insulini, akamdunga kipimo chake cha kila siku. Radoje hakuwa ametia kitu tumboni. Sukari ikashuka. Akatoka jasho, akafumba macho, na wenzake chumbani wakapunguza sauti kwa sababu walidhani anasali. Padri ndiye aliyemgusa bega, na hakuamka. Walimwekea maji ya glukosi kwenye mshipa, walimpeleka chumba cha mashine za kupumulia, akapumua huko siku chache, kisha akaacha.

Yule muuguzi anaitwa Bojana. Binti bado kijana, mnene wa mashavu, mtoto wa mwenye duka la mbegu karibu na stendi. Alipoulizwa na hospitali alisema sentensi moja: "Nilimdunga bila kuhakikisha kwamba amekula." Hakujitetea, hakumtaja mtu, hakulia. Wakamzuia asishike sindano, wakamweka kufunga bandeji na kutandika vitanda. Mimi nilitaka afukuzwe. Nilimchukia mpaka usingizini. Nilikuwa nikipita dukani kwa baba yake navuka barabara, na mbegu za nyanya mwaka ule nilinunua mji wa pili.

Halafu mkuu wa hospitali akamwita Desanka. Akamwambia kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba itabidi wauguzi wote wa hospitali, wa kila wodi, wafundishwe upya namna ya kumhudumia mgonjwa wa kisukari kwa usalama, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kufundisha isipokuwa yeye, ingawa bila shaka ataelewa kama yeye, kwa hali yake, ataona vigumu. Desanka akasema, "Sawa. Nipeni chumba chenye kitanda."

"Umekubali?" nilimuuliza jikoni kwake jioni ile. "Na Bojana je?"

"Bojana ni muuguzi wa hospitali. Atakuja."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayesema arudishiwe sindano au asirudishiwe."

"Ndiyo."

"Basi utamwangusha."

"Akikosea ataanguka."

"Na asipokosea?"

Desanka alikuwa anatazama birika la kahawa. "Wifi," akasema, "punguza moto, itamwagika."

Sikujua kama ninayezungumza naye yumo ndani au ametoka. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima. Niliwahi kumwona akikata kitunguu na kisu kikampitia kidoleni, akaendelea kukata, mpaka mimi nikapiga kelele. Alikitazama kidole akasema, "Kumbe."

Darasa likaanza, na mimi nikavutwa humo. Desanka alihitaji mgonjwa wa kufanyia mazoezi, mtu mwenye sukari kweli, mwenye mdomo. "Wewe unazo sifa zote," akaniambia. Nikakubali, na nisiseme uongo, nilikubali kwa sababu nilitaka kuwapo siku ya Bojana. Nikawa napanda kitanda cha wodi mchana nikiwa na soksi zangu nzuri, nafungwa kipande cha sifongo mkononi cha kudungia maji, na wauguzi wanakuja mmoja mmoja kunihudumia. Wodi ya macho, wodi ya wazazi, wodi ya mifupa, wote walipita kwangu. Sijawahi kusalimiwa kwa adabu kiasi kile tangu niache saluni.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo nalisema hata kama nilikuwa na donge naye. Hakufundisha kama kitabu. Aliwafundisha watu wa hapa kuhusu watu wa hapa. "Mgonjwa akirudi nyumbani," alikuwa akisema, "mgeni wa kwanza atakayeingia atapewa slatko, kijiko cha matunda yaliyopikwa kwenye sukari, na glasi ya maji. Mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Kwa hiyo usimwambie 'usile utamu' ukaondoka. Muulize, wewe hupokea wageni wangapi? Hapo atakuambia ukweli, kwa sababu ataona unamsifu."

Kulikuwa na muuguzi mmoja mwanaume, Miloje wa wodi ya dharura, mzaha haumtoki. Akanyoosha mkono. "Sista Desa, na rakija? Tuihesabu chakula au dawa?"

Darasa likacheka, maana rakija, pombe yetu kali ya matunda, haikosi kwenye nyumba yoyote hapa. Desanka hakucheka, ila alimjibu bila ukali. "Ikishuka tumboni, rakija inashusha na sukari, tena baadaye, mtu ameshalala. Miloje, wanakuletea mzee ananuka rakija, haeleweki anachosema, ametota jasho. Unafanya nini kwanza?"

"Namwacha alale pombe zimtoke."

"Umemuua. Nani mwingine?"

"Napima sukari," akasema sauti ya nyuma. Ilikuwa ya Bojana. Alikuwa anakaa kiti cha mwisho karibu na dirisha na hakuwahi kusema kitu kabla ya siku hiyo. Desanka akamtazama kama anavyomtazama kila mtu. "Ndiyo," akasema. "Unapima sukari. Kila mnaposhindwa kumwelewa mgonjwa, pimeni sukari kwanza, matusi baadaye."

Aliwakalisha kwenye mambo ambayo wao waliyaona ya kitoto. Kalamu ya insulini ni ya mgonjwa mmoja, hata ukibadilisha sindano haiazimwi. Mgonjwa ajitaje jina mwenyewe, usimtajie wewe akaitikia, maana mzee kiziwi huitikia jina lolote. Ile insulini ya haraka haidungwi mpaka chakula kiko mbele yake. Muulize amekula, kisha tazama sahani. Akitetemeka na kutoka jasho, mpe juisi au maji ya sukari, kaa naye robo saa, pima tena, usimwachie jirani wa kitanda. Akiwa hawezi kumeza, mdomoni usitie kitu, wahi mshipa. Aliyasema haya tena na tena kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na alipofika kwenye jasho na macho yaliyofumbwa mimi pale kitandani nilikuwa nauma meno, nageukia ukutani. Yeye aliendelea mpaka mwisho wa sentensi.

Siku moja tukiwa tunarudi nilimtolea uvivu. "Unaelezea kifo cha mume wako kama unaelekeza mtu njia ya posta. Husikii chochote?"

"Sisikii," akasema. "Nasubiri nisikie. Haiji."

Nikampokea mfuko aliobeba, nikaubeba mimi mpaka kwake.

Siku ya mtihani, mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe, akakaa kona na suti yake. Mtihani ulikuwa rahisi kuutazama: mimi ni mgonjwa, muuguzi anaingia, ananihudumia kuanzia salamu hadi sindano, Desanka anatazama, anasema amepita au hajapita. Kila muuguzi aliletewa sinia jipya la kifungua kinywa, mkate, yai la kuchemsha na chai, na mimi nilitakiwa kula kidogo mbele yake au kukataa, kadiri Desanka alivyonielekeza. Miloje akapita, na akanibusu mkono akitoka, mpuuzi yule. Wawili wa wodi ya mifupa wakapita. Mmoja wa wodi ya wazazi alisahau kuniuliza jina, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Halafu ikawa zamu ya Bojana. Sinia lililetwa, Desanka akatoka mlangoni kumwita, na mkuu wa hospitali alikuwa anajibu simu akiwa ameelekea dirishani. Maelekezo yangu yalikuwa niwe mgonjwa asiye na hamu ya kula. Mimi nikafanya la kwangu. Nilichukua ule mkate na lile yai nikavisukumia kwenye mkoba wangu chini ya shuka, chai nikaimwaga kwenye beseni la kunawia pembeni. Nikaiacha sahani tupu juu ya sinia na makombo yake. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: ataniuliza, nitamwambia nimekula, ataiona sahani, atanidunga, na hapo nitautoa ule mkate mbele ya mkuu wa hospitali niseme, tazameni, huyu hajabadilika, ataua tena. Roho yangu ilikuwa kwatu. Nasema kama ilivyokuwa.

Bojana akaingia, Desanka nyuma yake. Bojana mikono aliiosha vizuri. "Habari za asubuhi, mama. Naomba uniambie jina lako."

"Vidosava."

"Na mwaka wa kuzaliwa, mama Vidosava?"

Nikautaja, nao ni wangu, siutangazi hapa. Akanichoma kidole, akasoma kipimo kwa sauti, akalinganisha, akaiangalia kalamu, jina langu lilikuwa juu yake. Alikuwa anafanya kila kitu taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kisha akauliza, "Umekula, mama?"

"Nimekula, mwanangu."

Akaitazama sahani. Ilikuwa tupu. Akashika kalamu, akaitazama tena sahani, na nikaona shingo yake imekuwa nyeupe. Nikanyoosha mkono wenye sifongo. "Dunga basi, chai isinipoe tumboni."

Akaiweka kalamu juu ya sinia.

"Mama, naomba uinue mgongo kidogo."

"Ya nini?"

"Naomba tu."

Akainua mto wangu, akatazama chini yake. Hakukuwa na kitu. Akapitisha mkono pembeni ya godoro, kisha chini ya shuka, akaugusa mkoba. Nikaushika. "Nani kakufundisha kupekua mikoba ya watu?" nikasema. "Hilo nalo liko kwenye mafunzo?"

Bojana aliuvuta taratibu, akaufungua, akatoa mkate, akatoa yai, akavipanga juu ya sahani mbele yangu. Mkuu wa hospitali alikuwa ameshamaliza simu na anatazama.

"Vida," akasema Desanka, "hayo sikukuagiza."

"Hukuniagiza. Nimemjaribu." Nilikuwa nimeona haya na haya zikawa hasira. "Na nataka kujua. Darasani umefundisha waulize na watazame sahani. Huyu kauliza na kaona sahani. Mto kautoa wapi? Kaambiwa na nani?"

Bojana alikuwa anatazama lile yai.

"Jibu," nikamwambia.

"Niliwahi kukuta," akasema. "Nilipokuwa natandua kitanda chake. Wameshampeleka kwenye mashine. Mkate na yai, vimefungwa kwenye kitambaa, chini ya mto. Alikuwa ameniambia amekula. Sahani ilikuwa tupu, kama hii. Chai alimpa mzee wa kitanda cha pili."

"Unamsingizia marehemu," nikasema. Niliketi sawasawa kitandani. "Miezi yote hii hukulisema, leo unalileta. Kaka yangu alikuwa mtu wa kweli. Hakuwahi kusema uongo hata kwa trafiki."

"Ndiyo maana sikulisema, mama." Alisema polepole sana. "Ningesema nini? Kwamba mzee wa watu amekufa siku ya komunyo na uongo mdomoni? Mimi ndiye niliyekuwa na sindano."

Nikamgeukia Desanka ili amfukuze. Nilikuwa na hakika atamfukuza. Alikuwa amesimama mguuni pa kitanda, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe.

"Hamsingizii, wifi," akasema.

"Umejuaje?"

"Nyumbani alikuwa anafanya hivyohivyo. Kila Kwaresima, kila asubuhi ya komunyo. Padri amewaambia anayefunga asijitangaze, basi yeye hata mimi mkewe ananificha. Nikimuuliza, 'Umekula?' anasema, 'Nimekula, mpenzi,' na mkate uko mfukoni mwa koti, anaubeba ale akitoka kanisani. Mimi sikuwahi kumdunga asubuhi hizo. Nilikuwa nasubiri nimuone anatafuna ndipo namdunga."

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua. Na ilikuwa Jumamosi ileile, na alikuwa ngazi moja chini yangu. Sikuwaambia wodi ya upasuaji. Nilijiambia nitashuka mwenyewe kabla ya chakula. Mgonjwa wangu mmoja akanitapikia, nikambadilisha nguo, nikabadilisha na zangu. Niliposhuka padri alikuwa ameshafika."

Aliyasema haya kwa sauti yake ya darasani. Mimi nililitafuta lile donge langu ambalo nimelilea miezi yote, nikitaka nimrushie mmoja wao, Bojana au Desanka, na nikakuta sijui nianze na nani. Nilijisikia mwepesi kwa namna mbaya. Kaka yangu alikuwa amewadanganya wote wawili kwa unyenyekevu, na wote wawili walikuwa wamemfichia.

"Sista Desa," akasema mkuu wa hospitali mwishoni, "kuhusu huyu binti, uamuzi ni wako."

"Mgonjwa amesema amekula na sahani ni tupu, na yeye ameweka sindano chini," akasema Desanka. "Amepita. Kesho arudishiwe kazi yake. Na kuanzia leo wote tutafundishwa kuinua mto, na familia ya mgonjwa itaulizwa kama anafunga, hata kama familia yenyewe inafanya kazi humu ndani."

Mkuu wa hospitali akainamisha kichwa, akatoka. Bojana naye akageuka kwenda mlangoni, akijifuta mikono kwenye gauni lake la kazi.

"Bojana," Desanka akamwita. "Kaa kidogo."

Bojana akakaa kwenye kiti cha wageni. Desanka akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu anikalie miguu, na sikumwambia asogee.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuongea naye," akasema. "Sikuwahi kukuuliza. Alisema nini kingine?"

"Sista, hakusema mengi."

"Hayo machache."

Bojana akafikiri. "Aliniuliza kama padri ameshafika. Nikamwambia theluji ni nyingi, yuko njiani. Akasema sawa, hana haraka. Nikaanza kukunja mkono wa pajama, wa kulia, maana nilikuwa nimesimama upande huo. Akauvuta. Akaniambia, 'Dunga wa kushoto, binti yangu. Usije ukaniumiza huu wa kulia, nitauhitaji.' Mimi sikumwelewa. Nilizunguka kitanda, nikamdunga wa kushoto."

Desanka alibaki ameinama. Watu wote wa kwetu wanajua mkono wa kulia asubuhi ya komunyo ni wa nini. Hata mimi nisiyekanyaga kanisani isipokuwa kwenye misiba ninajua msalaba unafanywa kwa mkono gani.

"Kwa hiyo ulimwachia," akasema.

"Nilimwachia, sista."

"Na alikushika? Kabla ya sindano. Alikuwa na tabia ya kutaka ashikwe mkono."

"Alinishika," akasema Bojana. "Vidole viwili, hivi. Nikadhani anaogopa."

Desanka akafumba mdomo, akafumbua. Uso wake ukaanza kuvurugika kuanzia kidevuni, polepole. Nikaitupa shuka pembeni nimshike. Alinizuia kwa kiganja, akamtazama yule binti wa duka la mbegu.

"Haogopi," akasema. "Haogopi kabisa, mwanangu. Nionyeshe tena, vidole vipi."